Udi wa Mama umeniumbua

Leo nimeumbuliwa na chetezo.

Kuna lile shimo la mwanga hapa kwetu, linalotoka kwenye kioo cha paa mpaka ukumbini. Kiangazi linashusha joto kama tanuri.

Basi wiki nzima nimo humo. Nimepanga pamba ya kuzuia joto kutani, juu yake nikapiga mbao za jipsamu nilizozifuata mwenyewe kule viwandani Rusayl, viungo vyote nikaviziba kwa mkono wangu.

Nikamwita Mama aje aone. "Hapa hapiti hata sisimizi."

Mama akasema mashaallah, akaenda kuwasha udi. Kwetu kitu kipya lazima kifukizwe.

Akasimama chini ya shimo na chetezo chake. Moshi ukapanda taratibu, ukafika juu, ukapinda, ukaingia wote ndani ya ukuta kwa upenyo wa kona moja.

"Sisimizi sijui, mwanangu," Mama akasema. "Lakini moshi umepita na jamaa zake wote."

Kesho nnaibandua kona ile. Mafundi wenzangu wa nyumbani, nipeni maarifa, na mcheke taratibu.

Mama kasema nisihuzunike. Pamba imeshafukizwa kama biharusi, kazi iliyobaki ni kuivisha vizuri.