Shimo la Kokoto na Kisima cha Mama Mkwe

Mama mkwe alikuwa na adui mmoja tu duniani: shimo la kokoto lililokuwa nyuma ya nyumba yake, upande wa juu. Kila ndoo ilipotoka kisimani nusu tupu, alisema, "Linaninywea maji yangu lile."

Mwenye shimo alipotaka kuchimba chini zaidi, akaambiwa na ofisi ya madini kwamba kwanza maji na mwamba vipimwe. Kazi ikamwangukia mkazamwana wa bibi huyohuyo, maana ndiye mtaalamu wa miamba pekee aliyekuwepo ofisini. Aliwaeleza wakubwa wake kwamba ana mkwe pale. Wakamwambia fundi wa mashine, aliyeitwa Keekee kwa kazi yake ya kutoboa, ashuhudie kila kipimo.

"Sasa tumempata!" alisema mama mkwe, akimwongezea chakula.

"Mama, mimi napima maji. Hasira sina kipimo chake."

Wakaanza kutoboa, kutoka shimoni kuteremkia nyumbani. Mashine ilipita mchangani na kwenye kokoto ikinguruma, kisha, walipokaribia nyumbani, ikalia kwa sauti ya juu, ikatema unga wa kijivu.

"Mwamba huo," Keekee alisema. "Tena mapema."

Karibu na shimo mwamba ulikuwa chini sana. Kuelekea nyumbani ulipanda kama ukuta. Maji ya upande wa shimo yaliteremkia mtoni, mbali kabisa na kisima. Na katika tundu la mwisho, penye ua wa mama mkwe, maji yalikuwa juu tele.

Mkazamwana akasimama akikuna kichwa. Maji yamejaa hapa, na kisima hatua chache tu hakijazi ndoo? Akateremsha tepu kisimani. Ikagota mapema, na ilipopanda ilikuwa imepakaa tope.

Jikoni aliizungusha chai yake kikombeni, kisha akasema. "Mama, shimo halijanywa maji yako. Kisima kimejaa matope."

Mama mkwe aliweka mwiko chini.

"Kwa hiyo miaka yote hii nimewatukana watu wa watu bure?"

"Bure, mama."

Bibi akaangua kicheko hadi akajishika mbavu, na mkazamwana akacheka naye.

Jumamosi mume wa mkazamwana na Keekee walishuka kisimani kwa zamu. Wakatoa tope ndoo kwa ndoo, pamoja na sufuria moja na kandambili zisizo na jozi. Jioni maji yakapanda, kwanza ya udongo, kesho yake maangavu.

Mwenye shimo naye hakupewa yote aliyotaka: aliruhusiwa kuchimba, ila aishie kabla ya kuyafikia maji, mto usije ukachafuka. Alinung'unika, akakubali.

Wiki haikuisha, mama mkwe akapiga simu. "Mwanangu, njoo na tepu yako. Dada yangu naye anaulaumu mti wa jirani."