Bushi za Nyuma za Celika Nyekundu

Mume wangu hanywi pombe. Nalisema hili mwanzo kabisa, kabla hata sijalitaja jina lake, kwa sababu mjini hapa wapo watu ambao kwa miezi kadhaa wakilisikia jina hilo walikumbuka pombe tu. Mpaka leo nikilifikiria jambo hili damu inanichemka.

Anaitwa Khalfani. Sisi ni watu wa Temeke, na kazi yake kwa miaka mingi ilikuwa kuwaendesha mabibi harusi. Madamu Genoveva, mwenye duka la mapambo kule Mwenge, alikuwa na Celika nyekundu ya zamani, gari la michezo la milango miwili, limelala chini, ambalo kila msichana aliyeliona alitaka kupiga picha nalo. Siti za nyuma zilikuwa finyu, shela haipiti, kwa hiyo bibi harusi alikaa mbele ubavuni kwa dereva. Khalfani aliliendesha peku. Alisema gari linasikika kwenye nyayo kabla halijasikika masikioni. Nilimcheka, nikamwambia ipo siku atasahau viatu ukumbini. Binti yetu Chausiku alikua akiliona gari hilo likioshwa mlangoni kwetu, na tangu akiwa mdogo baba yake alimwahidi kwamba siku yake ikifika atakaa pale mbele, naye ndiye atakayempeleka.

Mwaka jana, Chausiku akiwa ameshachumbiwa, Khalfani alianza kulalamika.

"Nyuma inatembea," aliniambia. "Nikikata kona, mbele inakwenda ninakotaka, lakini mkia unakuja kwa wakati wake."

Alilipeleka gari kwa Benedikto, fundi wa mtaani kwetu. Benedikto akalitikisa, akachungulia, akakuta bushi za nyuma zimekwisha. Bushi ni vile vipande vya mpira vinavyokaa kwenye ncha za mikono ya chuma inayoshika magurudumu. Akafunga mpya. Haukupita muda, nyuma ikaanza tena kutembea. Akafunga nyingine, nazo zikaisha. Benedikto akasema spea za siku hizi ni feki. Madamu akasema dereva analikimbiza gari kwenye matuta. Gari ndilo lililokuwa bovu, lakini lawama zilishaanza kumtafuta mume wangu.

Jumamosi moja alikuwa akimtoa bibi harusi Kimbiji kumleta ukumbini Kigamboni. Mvua ilikuwa imenyesha. Kwenye kona moja nyuma ikamponyoka, gari likaserereka na kuingia kwenye tope. Hakuna aliyeumia hata ukucha. Kilichochafuka ni shela. Mjomba wa bibi harusi, aliyekuwa akiwafuata na gari jingine, akashuka akipiga kelele: "Kalewa huyu! Nimemwona anavyoyumba!" Khalfani alikuwa amesimama peku ndani ya tope, na upeku huo nao ukageuzwa ushahidi. Eti dereva gani mwenye akili zake anaendesha bila viatu!

Sasa sikilizeni alichofanya Madamu Genoveva. Hakumpigia simu. Hakumuuliza hata neno moja. Siku ile ile aliandika kwenye kundi la WhatsApp la watu wa harusi, wapambaji, wapishi, wapiga picha na washereheshaji, kwamba amemwondoa Khalfani kwa ulevi na wenzake wajihadhari naye. Mtu aliyemtumikia miaka yote ile! Mtu ambaye akipita karibu na baa anabadilisha upande wa barabara! Nililia kwa hasira. Waliokuwa wakimwita braza waliacha kupokea simu zake. Chausiku naye, bila kumtazama baba yake usoni, akasema harusi ifanywe kimya kimya na yeye ataenda na bajaji. Neno hilo lilimuuma Khalfani kuliko kupoteza kazi.

Celika akapewa dereva mwingine, Brightson. Haikuchukua muda naye akaanza kusema nyuma inatembea, na gari likarudi kwa Benedikto. Khalfani aliposikia alikwenda, na mimi nikamfuata na chakula chake cha mchana. Nilimkuta ameinamia ndoo ya vyuma chakavu, anatoa bushi za zamani moja moja na kuzipanga chini.

"Fundi, hizi ulizozitoa kwenye Celika zote zimechanika upande mmoja," alisema.

"Feki hizo, braza. Siku hizi kila kitu feki."

"Feki gani hizo zinazokubaliana kuchanika upande mmoja?"

Benedikto akaiokota moja, akaigeuzageuza.

"Boliti unazikazaga gari likiwa wapi?"

"Juu ya jeki. Kwani nikaze wapi? Gari lenyewe liko chini hivi, hata paka hapiti."

Na kweli, gereji zote za mtaani kwetu ndivyo zinavyofanya: piga jeki, funga, kaza, shusha, mwingine aje. Khalfani akaeleza, na mimi ambaye sijawahi kushika spana nikaelewa. Gari likiwa hewani, magurudumu yananing'inia na ile mikono ya chuma inaelekea chini. Ukikaza hapo, mpira unabanwa ukiwa hivyo hivyo. Ukilishusha, uzito wa gari unaipandisha mikono juu, na mpira unabaki umesokotwa kama nguo inayokamuliwa, mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa. Utaacha kuchanika?

Wakalipandisha gari kwenye magogo manene, magurudumu yote yakiwa yamekanyaga, ili mtu aweze kuingia chini yake. Madamu alifika wakati huo na Brightson. Khalfani hakumngoja aseme kitu. Alitandika boksi, akajisukuma chini ya gari na kuilegeza boliti ya kwanza. Paa! Mpira ulijirudi kwa mlio mkubwa mpaka muuza juisi wa ng'ambo akageuka. Ya pili, paa! Benedikto akashika kichwa. Wakafunga bushi mpya, na safari hii zikakazwa gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Brightson akalizungusha mtaani, akarudi anacheka.

"Oya, imetulia! Kumbe na mie ningeitwa mlevi!"

Madamu alitazama simu yake. "Kumbe ni fundi," alisema. "Basi, Khalfani, Jumamosi njoo kazini. Yameisha."

"Hayajaisha, Madamu. Uliniita mlevi kundini. Kaseme kundini kwamba sikulewa."

"Jamani, mambo ya WhatsApp hayo! Watu wameshasahau."

"Mie sijasahau. Na mwanangu hajasahau."

Akacheka, akaingia garini na kuondoka. Alicheka! Mtu amelala chini ya gari lake, vumbi mpaka kwenye kope, na yeye hata pole haikumtoka. Khalfani alifuta mikono na kurudi nyumbani.

Mimi sikuwa na subira hiyo. Nilizichukua zile bushi zilizochanika, nikazitia kwenye mkoba na kwenda Mwenge. Nilikuta duka limejaa wateja wanachagua maua. Madamu ni mkubwa kwangu, kwa hiyo nilimwamkia kwa adabu.

"Shikamoo, Madamu."

"Marahaba, mama Chausiku."

Nikazimwaga bushi zote mezani, juu ya maua yake meupe.

"Hizi ndizo pombe alizokunywa mume wangu."

Wateja wakasogea. Mmoja akauliza ni vitu gani, nikamweleza kuanzia Kimbiji mpaka kwenye magogo ya Benedikto.

"Mama Chausiku, punguza sauti," Madamu aliniambia.

"Wewe ulipoandika ulipunguza?"

Aliwatazama wateja, akazitazama bushi. Kisha akachukua simu, akaisogeza mdomoni na kurekodi sauti ya kutuma kundini: "Khalfani hakuwa amelewa. Gari langu lilikuwa bovu nyuma, na mimi sikumuuliza." Nikamwambia aicheze niisikie. Akaicheza. Basi majibu yakaanza kumiminika kundini, mioyo na mashada ya maua: Madamu una moyo mkubwa, Madamu wachache wanaoweza kukiri. Yeye ndiye aliyepewa pongezi! Hakuna hata mmoja aliyemtaja Khalfani, wala aliyemwomba radhi.

Siku ya harusi ya Chausiku, Celika ilikuja mlangoni kwetu. Madamu aliitoa bila kuombwa, na Khalfani alikubali kwa ajili ya mtoto. Brightson akampa ufunguo. Khalfani hakupanda mara moja. Alizunguka nyuma, akaukandamiza mkia wa gari kwa mikono miwili, akauachia, akautazama ukipanda na kukaa. Kisha akavua viatu na kunipa mimi. Chausiku aliingia mbele, shela imejaa mapajani. Niliinama dirishani kuiweka vizuri, nikamsikia akiuliza kwa sauti ndogo.

"Baba, nyuma imetulia?"

"Imetulia, mwanangu."

Wakaondoka taratibu katikati ya vigelegele. Mimi nilibaki nimesimama barabarani na viatu vya mume wangu mkononi, nikiwatazama majirani usoni mmoja mmoja, nikingoja athubutu mtu kusema neno.