Barabara ya Nyunzu na Mguu wa Mama

Niliondoka Kalemie likizo ya Pasaka, mvua za mwisho zikiwa bado zinapiga, kwa sababu mguu wa mama ulikuwa unaoza. Habari aliniletea mwanamke mmoja muuza mahindi aliyepita shuleni kwetu kunitafuta. Alisimama mlangoni mwa darasa, akangoja watoto watoke, kisha akasema, "Mwalimu, mama yako anakaa tu. Hatembei tena. Ile kidonda inanuka."

Mama alikuwa anaishi peke yake Kahenga, kijiji kilicho mbele kidogo ya Nyunzu, katika nyumba aliyoachiwa na marehemu baba. Miaka mingine ningepanda treni. Mwaka ule treni ilikuwa imelala stesheni kwa kukosa mafuta ya mazuti, na hakuna aliyejua itaamka lini. Mume wangu, fundi wa bandarini, hakupewa ruhusa ya kusafiri nami. Ikabaki kamyo, lori la mizigo.

Asubuhi, sokoni Kalemie, nilimpata Papa Ilunga. Nilikuwa nimemfundisha binti yake kusoma, kwa hiyo alinipa nafasi mbele, pembeni yake, badala ya juu ya mzigo pamoja na abiria wengine. Mzigo wenyewe ulikuwa chumvi na ndagala, dagaa wakavu wa ziwani, na harufu ya ndagala ilitufuata hata tulipokuwa tunakwenda kasi. Hatukwenda kasi mara nyingi. Papa Ilunga alikuwa mtu mnene, mwenye macho mekundu ya usingizi usiotosha, na alikuwa anaongea na barabara kama mtu anavyoongea na mke aliyemchosha.

"Angalia hapa," aliniambia tulipokuwa hatujafika mbali na mji. "Zamani hapa ulikuwa unaweka chai kwenye dirisha, haimwagiki. Sasa angalia." Kamyo ikazama upande mmoja, ikapanda, nami nikagonga kichwa mlangoni.

Kabla ya Niemba tukakuta barieri ya askari: mti uliolazwa juu ya mapipa mawili, na askari wawili kivulini. Mmoja wao alisogea taratibu. "Sitwayeni," akasema, kwa jina ambalo askari humwitia kila raia, "peaje ya njia." Papa Ilunga hakubisha. Alimpa ndagala na sigara, mti ukainuliwa, tukapita. Baadaye tu, tulipokwisha kupiga kona, akaupiga usukani kwa kiganja.

"Peaje njo nini, Mwalimu? Si unalipa njia? Sasa kama njia haiko, unalipa nini?"

Mgongo ulikuwa unaniuma tayari, na safari ndiyo kwanza inaanza.

Niemba tulifika jioni, jua bado halijatua. Kamyo nyingine ilikuwa imesimama hapo, resori ya nyuma, ile springi ya kubeba uzito, imevunjika, na shofa aliyeiendesha, Papa Mwamba, mtu wa Lubumbashi, alikuwa amekaa juu ya mpira wa gurudumu akingoja chuma kutoka Kalemie. Mama mmoja aliyeuza chakula kando ya njia alitutilia bukari, ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo, tukala pamoja, na hao mashofa wawili wakaanza kubishana kama watu waliokwisha kubishana mara nyingi.

"Mimi nataka gudron, njia ya lami," alisema Papa Mwamba. "Waweke gudron toka Kalemie mpaka Kabalo, waweke na peaje kila pahali, nitalipa nikicheka."

"Utalipa ukilia," alimjibu Papa Ilunga. "Gudron ikiwa nzima ni kitanda. Lakini ikikufa haina huruma. Ile shimo yake iko na meno, inakata mipira kama kisu. Udongo ukikufa unakulaza tu kwenye matope. Unalala, asubuhi unachimba, unaenda."

"Na resori yangu hii imekufa kwenye gudron?"

"Imekufa sababu unakimbia."

Wakacheka, lakini kicheko cha watu waliochoka. Papa Mwamba alikuwa amekaa hapo tangu juma lililopita. Aligeuka kwangu akauliza ninakwenda kufanya nini. Nilipomwambia, aliacha kula kidogo. "Mama," akasema, "kwenda si shida. Fikiri kurudi. Mugonjwa hapandi kamyo kama gunia." Maneno hayo yalininyima usingizi.

Kesho yake, baada ya Nyunzu, barabara ikawa nyingine. Mvua ilikuwa imepita usiku na udongo mwekundu uling'aa kama mafuta. Hapo ndipo tulipoanza kukuta barieri za vijiji. Hazikuwa za miti wala mapipa, bali kamba ya magome iliyovutwa toka upande mmoja hadi mwingine, na wanakijiji wenye majembe wamesimama kando. Walikuwa wanajaza mashimo kwa changarawe na matawi, kisha kila gari lililopita walilitoza kopo la chumvi, au chochote ambacho shofa alikuwa nacho.

Papa Ilunga, ambaye kwa askari alinyamaza, hapa alipata sauti. "Wezi wa majembe! Salongo ni kazi ya bule, kila muntu anafanya bule! Nani aliwaambia munalipisha?" Mara moja alitishia kuipita kamba kwa nguvu. Nami, kwa uchovu na haraka yangu, nilikuwa upande wake. Kila kamba niliiona kama inamfunga mama yangu mguu.

Mchana tukaingia Kahenga. Kamba ilikuwa imevutwa penye kijito, kabla ya daraja la magogo. Upande mmoja ilifungwa mtini. Upande wa pili ilishikwa na mwanamke aliyekaa kwenye kigoda, mguu mmoja ameunyosha mbele yake juu ya gogo, umefungwa majani na kitambaa. Papa Ilunga alikuwa ameshatoa kichwa dirishani, ameanza, "Na wewe, mama muzee, hata wewe..." Nikamshika mkono.

"Papa, nyamaza. Njo mama yangu."

Nilishuka nikakimbia. Mama alinikumbatia kwa mkono mmoja. Ule mwingine haukuachia kamba.

"Mutoto wangu. Umekonda." Kisha akaitazama kamyo juu ya bega langu. "Ile ni kamyo ya nani?"

"Ya Papa Ilunga. Amenileta."

"Vizuri. Atoe chumvi."

"Mama!"

"Kila nyumba inatoa muntu wa njia," alisema. "Mimi siwezi jembe. Nikikosa kushika kamba, nyumba yangu inatoa nini? Atoe chumvi, wale wanachimba wapate kugawa."

Papa Ilunga alishuka mwenyewe, akapima kopo, akaongeza kidogo juu, akalimimina kwenye kikapu cha mama. Mama akateremsha kamba. Kamyo ikapita juu ya changarawe mpya, ikavuka daraja, ikaendelea na njia ya Kabalo. Tulikuwa tumepatana kwamba akipakia mahindi atarudi kutuchukua.

Siku za kumngoja hazikuwa za kupumzika. Nilipofungua kidonda nilitoka nje nikakaa chini kwanza, ndipo nikaweza kurudi kukiosha. Vidole viwili vilikuwa vyeusi. Nilichemsha maji, nikaosha, nikafunga, na kila asubuhi mama alitaka nimsaidie kufika penye kamba. Nilipomtajia hospitali ya Kalemie alivuta kitambaa akaufunika mguu.

"Watanikata," akasema.

"Hatujui bado."

"Unajua. Uliona." Akageuza uso. "Hapa niko muntu. Kamyo zinasimama mbele yangu. Kule nitakuwa mugonjwa tu, mulangoni mwa nyumba ya mukwe wangu."

Nilimsihi, nikalia, nikakasirika, nikamwambia maneno ambayo binti hamwambii mama yake. Hakuna lililomhamisha.

Aliyemhamisha ni Papa Ilunga. Aliporudi na mahindi, mawingu yalikuwa yamejaa. Alisimama penye kamba, akatoa chumvi yake, na mama akamuuliza, "Papa, wewe ni muntu wa njia. Sema kweli. Kama sikuenda leo, nitaenda siku gani?"

Papa Ilunga alitembea hadi kwenye daraja alilotoka kulivuka, akakanyaga magogo moja moja, akatazama kijito kilivyopanda, akarudi na matope hadi magotini.

"Mama, pale wamechimba watu wenu, njia ni muzuri. Nilitukana, lakini ni muzuri. Mbele huko hakuna watu, hakuna njia. Leo nitapita. Mvua ya leo ikipiga, ile daraja inaenda, mimi sirudi tena mpaka kiangazi. Na ule mguu haungoji kiangazi."

Mama alitazama mguu wake. Kisha akamwita jirani yake, akampa ncha ya kamba.

Tulitandika magunia matupu na godoro la nyasi nyuma ya kiti, tukamlaza. Ndipo nilipoelewa onyo la Papa Mwamba. Papa Ilunga aliendesha polepole hadi kamyo nyingine zikatupita zikipiga honi. Mimi niliushika mguu mapajani, na kila shimo lilipita mikononi mwangu kabla ya kumfikia yeye. Palipokuwa na kamba, changarawe ilikuwa imeshindiliwa vizuri na mama alisinzia. Tukishaipita kamba, baada ya muda mfupi tu, alianza kuuma shuka. Nilifika mahali nikawa naomba kimoyomoyo tukute barieri nyingine. Papa Ilunga alilipa zote. Bado alinung'unika, lakini alilipa.

Penye askari, karibu na Niemba, mambo yaliharibika. Askari yule wa sigara alitaka peaje, na mama, aliyekuwa ameamshwa na breki, akainua kichwa akamuuliza kwa sauti ya mtu wa kazi moja na yeye, "Mutoto wangu, ninyi mulichimba wapi?"

Papa Ilunga alifumba macho. Askari akatuambia tuzime mota. Tulikaa juani, mzigo wote ukashushwa ukapekuliwa gunia kwa gunia, na homa ya mama ikapanda hadi akaanza kuniita kwa jina la dada yake aliyekufa. Nilimwendea yule askari wa pili, aliyekuwa mkubwa kwa umri. Nilimwomba aje aone. Alikuja, akapanda, harufu ikampiga usoni. Alishuka, hakumtazama mwenzake, akauinua mti kwa mikono yake.

"Pitisha mama yako," akasema.

Kalemie tulifika mchana wa siku iliyofuata. Ziwa lilikuwa la kijivu na sikulitazama mara mbili. Hospitalini daktari alikata vidole viwili, mguu ukabaki. Mama alipozinduka alihesabu vilivyosalia kwa mkono, chini ya shuka. "Wanasema vile viwili havikuwa na kazi tena," alimlalamikia muuguzi. "Vilikuwa vya nani?" Nilicheka mpaka nikalia, na sikuweza kuacha, hadi muuguzi akanitoa nje nikalale.

Papa Ilunga alikuja kumwona, amebeba unga wa mahindi. Mama alimuuliza habari za njia kabla ya kumuuliza habari za nyumbani kwake.

"Daraja yenu imeenda, Mama. Maji yaliichukua ile jioni tulitoka. Lakini ile changarawe iko. Watu wako wanakata magogo."

Mama aliitika kwa kichwa. Kiangazi alirudi kwao, akitembea kwa fimbo, na mimi sikujaribu kumzuia.

Sikurudi nikiwa nimejua kama gudron ni bora kuliko udongo. Mashofa wanaendelea kubishana Niemba, na labda wote wawili wana haki. Lakini watu hapa mjini wanajua nilisafiri, na kila anayetaka kwenda huko huniuliza barabara ya Nyunzu ikoje. Zamani ningemjibu kwa neno moja. Siku hizi namuuliza kwanza anakwenda kumbeba nani.