Kitufe cha Kushoto cha Mzee Ramesh

Saa nane mchana, Jumamosi, na Mika Sumari hana kichwa. Kichwa anacho, ila amekizamisha ndani ya sanduku kubwa la mbao lenye miguu minne. Kinachoonekana ni mgongo, kiraka cha suruali, na mguu wa kulia ulionyooshwa pembeni kwa sababu haukunjiki vizuri.

"Naomba tochi, mama," sauti inatoka ndani ya sanduku.

Mama Kalpana, mwenye nyumba, anampa tochi. Mumewe, Mzee Ramesh, ameketi karibu na dirisha na shali mabegani, mkono wa kushoto ameuficha chini ya shali hiyo. Anatazama nje, ambako wingu limeufunika Mlima Meru tangu asubuhi. Kwa wiki mbili sasa hataki kuliona sanduku hilo.

Ni mashine ya mchezo wa gololi. Wasomaji waliofika Nairobi huenda wameiona katika mahoteli. Gololi ya chuma husukumwa na springi hadi juu ya ubao ulioinama, kisha huteremka ikigonga taa na kengele. Mchezaji huizuia isidondoke kwa vibao viwili vidogo. Kila kibao kina kitufe chake, kimoja ubavuni kulia, kingine kushoto. Ukibonyeza kitufe, swichi iliyo ndani huunganisha umeme na kibao huruka. Mwandishi hajasikia nyingine hapa mjini ila hii, iliyo sebuleni nyuma ya duka la vitambaa la Mzee Ramesh.

Asije mtu akadhani ililetwa kwa anasa. Mwaka jana, 1955, mzee huyo alipatwa na kiharusi kilichoulaza upande wake wa kushoto. Daktari akamwambia avichezeshe vidole kila siku. Akapewa mpira wa kukamua, akauchoka upesi. Mtoto wake anayefanya kazi Nairobi alisikia kuna hoteli inauza mashine ya gololi, akainunua na kuipakia kwenye lori, pamoja na transfoma ya kuupunguza umeme wetu, maana mashine ni ya Amerika na umeme wa huko ni mpole kidogo.

Mchezo huo hauchezeki kwa mkono mmoja. Mzee akacheza, akafungwa na gololi, akakasirika, akacheza tena. Kidole kilichokuwa kama cha mtu mwingine kikaanza kusikia. Kufikia Pasaka aliweza kushika kikombe cha chai kwa mkono wa kushoto bila kumwaga.

Kisha baridi ya Julai ikaingia, na kitufe cha kushoto kikakataa.

"Kwanza mimi nafikiri mashine iko haribika," anasema Mzee Ramesh, kwa sauti ya chini. "Lakini mke yangu nabonyeza, nafanya kazi. Mpishi nabonyeza, nafanya kazi. Mimi tu hapana. Basi mkono imekufa tena. Mashine nasema kweli."

Tangu siku hiyo kikombe anashikiwa na mkewe. Ameagiza mashine irudishwe Nairobi, na lori litapita kuichukua Jumatatu. Mika hakuitwa kuitengeneza. Aliitwa kuifungua miguu ili ipakiwe.

"Nilipofika nikamwambia, Bwana, nipe leo tu, niiangalie kabla sijaifungua," anasimulia Mika. "Akageukia dirisha. Nikaichukua hiyo kuwa ruhusa."

Mika ana miaka thelathini na minne. Ni Mmeru wa Poli, mzee wa kanisa la Kilutheri, na kihamba chake cha kahawa na migomba kinatunzwa zaidi na mkewe Tabea kuliko yeye, jambo ambalo Tabea halifichi. Umeme alijifunza wakati wa vita, akiwa kibarua katika kambi ya wakimbizi wa Kipolandi pale Tengeru. Fundi mmoja wa kambi alimchukua kumsaidia.

"Yeye Kiswahili alikuwa nacho kidogo, mimi Kipolandi sikuwa nacho hata neno," anasema. "Tulielewana kwa waya. Akinipiga kofi la mkono najua hapo nisiguse. Mtu yule alikuwa amepoteza kwao kote, na bado alinipa alichokuwa nacho. Namwombea mpaka leo."

Baada ya vita alipata kazi ya kupanda nguzo na kuvuta nyaya. Mwaka 1953 ngazi iliteleza kwenye tope, akaanguka, mguu ukavunjika mara mbili. Ulipounga, ulikuwa mfupi na mgumu. Kazi ya nguzo ikaisha, na jembe nalo halikumtaka.

"Siku moja niliketi kwenye baraza la duka hili nikingoja basi la Tengeru," anakumbuka. "Bwana Ramesh akatoka, akaniuliza, wewe najua kazi gani? Nikasema najua umeme, lakini wa chini tu, wa juu basi. Akacheka. Kesho yake nilipopita nikakuta ameniwekea meza barazani. Kodi hajaniomba hata siku moja."

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, ila hawakusema nani atampa mhunzi koleo jingine. Mika alilipata hapo. Mezani pake sasa hutengeneza pasi, redio na taa za baiskeli. Mwezi mzuri humpatia kama shilingi tisini, mwezi mbaya arobaini, na watoto wake watatu wanasoma. Mzee alipougua, Tabea alimletea mtori wa ndizi kila wiki, usio na nyama, kwa kuwa nyumba hii haili nyama. Kwa Mmeru, kupika mtori bila nyama ni mapenzi makubwa.

Ndiyo maana leo Mika hana haraka ya kuufungua mguu wowote wa mashine.

Anakiri kwamba kwanza alikata tamaa. Alibonyeza kitufe cha kushoto, kibao kikaruka. Akabonyeza tena, kikaruka. Mzee Ramesh alisikia mlio ule, akavuta shali.

"Nilivunjika moyo," anasema Mika. "Nikaona Bwana amesema kweli, ni mkono. Halafu nikajikumbuka mimi nilipokuwa na mkongojo. Mgonjwa akiwa nyumbani, kila kitu kinachoshindikana husingiziwa yeye. Nikasema, ngoja kwanza nibonyeze kama yeye."

Akatumia kidole cha mwisho, kile kidogo, bila nguvu. Kitufe cha kulia kiliitika mara moja. Cha kushoto kikaingia ndani vizuri, lakini kibao hakikutikisika. Akaongeza nguvu kidogo, kimya. Akakandamiza kama anayeua kupe, ndipo kibao kikaruka.

"Swichi nzima haiulizi mtu ana nguvu kiasi gani," anasema. "Ikiguswa, inaitika. Hii ilikuwa inawaitikia wenye nguvu tu."

Hapo ndipo alipochomoa waya wa umeme ukutani, akauinua ubao wa juu na kukizamisha kichwa.

Swichi yenyewe si kitu cha kutisha. Ni vipande viwili vyembamba vya shaba vilivyokaa sambamba, kila kimoja kikiwa na chuchu ndogo ya chuma kigumu. Kitufe kinakisukuma kimoja kikaguse kingine. Mika anachukua kifaa chake cha kupimia, ambacho ni balbu ya tochi, betri na waya mbili, anakifunga kwenye swichi, kisha anabonyeza taratibu. Anamwita mwandishi achungulie. Chuchu mbili zinagusana, mtu anaona kwa macho yake, na balbu haiwaki. Anakandamiza kwa nguvu, balbu inawaka.

"Unaona? Kuna kitu katikati."

Anaifungua swichi na kuitoa. Chuchu zote mbili zimevaa utando mweusi, mgumu, unaonata. Mika anaukwangua kwa ukucha, anaunusa, kisha ananusa tena na kugeuka.

"Mama, hii si samli?"

Mama Kalpana anasimama palepale mlangoni. Anaangalia kidole cha Mika, halafu kitufe, halafu mumewe.

"Ni mimi," anasema. "Kila asubuhi mimi natia samli kidogo kwa kitufe. Kitufe ilikuwa ngumu, kidole yake naumia. Mimi nataka ateleze."

Samli ilifuata kitufe hadi ndani, ikapaka shaba, ikakamata vumbi, na kila cheche ya umeme ikaiunguza kidogo. Wakati wa joto ilikuwa laini, ikasukumika kando. Baridi ya Julai ilipoigandisha, ikawa ukuta. Kidole cha mpishi kiliubomoa ukuta huo, cha mgonjwa hakikuweza. Mapenzi ya mke ndiyo yaliyoizima swichi, na hakuna aliyejua.

Mika anaona aibu kama ni yeye aliyekosa. "Mama, mtu yeyote angefanya hivyo," anasema. "Hata mimi bawaba ya nyumbani naipaka mafuta. Swichi tu ndiyo haipendi."

Mzee Ramesh anamtazama mkewe. Anasema maneno mengi kwa Kigujarati, polepole, na Mama Kalpana anajifuta macho kwa ncha ya sari huku akicheka. Mwandishi anauliza alichosema.

"Nasema, miaka thelathini na nane yeye nalalamika mimi natia samli nyingi kwa chakula. Leo mimi mwenyewe nimeona."

Mika anaisafisha swichi kwa kitambaa chenye spiriti, anazipitisha chuchu kwenye tupa ndogo mpaka zing'ae, anakifuta kitufe chenyewe na tundu lake lote, anafunga. Anapima tena. Balbu inawaka kwa mguso mdogo kabisa. Anarudisha ubao na kuchomeka waya, na taa za mashine zinawaka sebuleni.

"Bwana, mimi nimemaliza yangu."

Mzee Ramesh hanyanyuki. "Wewe hapana danganya mimi, fundi."

"Sijakudanganya siku zote hizi, sitaanza leo."

Mama Kalpana anataka kumshika mkono, anajizuia. Hatimaye mzee anasimama, anasogea hadi kwenye mashine, anautoa mkono wa kushoto chini ya shali na kuuweka ubavuni. Kidole kinakigusa kitufe, hakibonyezi kwa nguvu, hakina nguvu hiyo.

Kibao kinaruka.

Anabonyeza tena. Kinaruka. Hakuna gololi, hakuna mchezo, ni kibao tu kinapanda na kushuka, na Mzee Ramesh anaendelea kubonyeza, machozi yakimshuka bila kuyaficha. Mika anainama kukusanya vifaa vyake, na inamchukua muda mrefu kuliko kawaida, ingawa vifaa hivyo vinatosha kwenye mfuko mmoja.

Malipo amekataa. "Wema hauozi," anasema barazani, baada ya kunywa chai ambayo safari hii mwenye nyumba amejishikia kikombe mwenyewe. "Ningechukua pesa hapa, ningekuwa nimemlipa shukrani ya punda. Mungu alinipa nafasi ya kurudisha kidogo. Wengi hawaipati."

Na lori la Jumatatu?

"Likija liambiwe likapakie kahawa."

Mika anatamani siku moja awe na chumba chake cha ufundi karibu na soko la Tengeru, asipande basi kila siku na mguu huu. Lakini hilo, anasema, litangoja. Ana shughuli nyingine kwanza.

"Jumatatu nitaingia dukani kama mteja. Nitaomba yadi nne za kitambaa cha maua, za gauni la Tabea, na nitasema nataka Bwana Ramesh akate yeye mwenyewe, kwa mikono yote miwili. Nitalipa bei ya watu wote. Na mkasi ukienda kombo, Tabea atashona hivyo hivyo."