Sekunde Thelathini za Peniel

Saa kumi na mbili na robo asubuhi, mjini Manyoni, Peniel Mughwai anaketi mbele ya kompyuta kuukuu na kuivua kitambaa cha kuzuia vumbi. Hajanywa chai. Anafungua ukurasa wa mipangilio, anatafuta namba 30, anaifuta na kuandika 180.

Jana asubuhi alifanya hivyo hivyo. Na juzi.

“Usiku wanairudisha kutoka Dar es Salaam kwa waya wa simu,” anasema bila kugeuka. “Asubuhi naitoa. Tunakwenda hivyo tangu Machi.”

Peniel ana miaka hamsini na mmoja. Alikuwa mpiga simu za upepo wa stesheni ya reli hadi mwaka 1997, alipopunguzwa kazi pamoja na wenzake kumi na wanne. Leseni ya redio ya ridhaa, ile ya watu wanaorusha mawasiliano kwa mapenzi tu, anayo kwa jina lake tangu ujana. Ripita iliyoko kilimani, mashine inayopokea sauti hafifu za redio za vijijini na kuzirusha upya kwa nguvu, aliifunga yeye na rafiki yake Nadeem Kurji, mwenye duka la vipuri Singida mjini.

Mwaka jana ulikuja mradi wa mawasiliano ya afya. Ukaomba kuitumia ripita hiyo, ukaleta kompyuta inayogeuza sauti kuwa tarakimu na kuipeleka kwa simu hadi hospitali. Peniel akaajiriwa kuitunza, kwa shilingi elfu arobaini na tano kwa mwezi. Zahanati sita zilishangilia, na zilikuwa na haki.

Kisha mtaalamu wa mradi akaweka kikomo. Anayebonyeza kitufe cha kuongea akipitisha sekunde thelathini, programu inakata. Ikikata, simu inapigwa upya, na kwa laini zetu hiyo ni kazi ya robo saa. Sababu iliyotolewa ni gharama. Zama hizi za soko huria, tuliambiwa, kila huduma ijilipe.

Aliyepanga sekunde thelathini, bila shaka, hajawahi kumsalimia mkwe.

Huku mtu hamrukii mkubwa na shida yake kama anayedai chenji. Ni shikamoo kwanza. Ni habari za tangu juzi, za nyumbani, za watoto, za mvua, za mifugo. Kwenye redio, ambako mmoja huongea huku mwenzake akisubiri, yote hayo husemwa kwa mkupuo mmoja. Jambo lenyewe huja mwisho.

Februari, muuguzi Scola Mazengo, mwenye miaka ishirini na minne, alimpokea mama mjamzito anayevuja damu katika zahanati yake, mbele ya Kintinku. Akabonyeza kitufe. Hospitalini aliyepokea ni Mzee Anselm, tabibu wa umri wa baba yake. Scola akamwamkia, akauliza hali. Alipofika kwenye mifugo, programu ikakata.

Robo saa baadaye laini ilirudi. Ungedhani angeanza na damu.

“Nilianza kuomba radhi,” Scola anasema, akitazama mikono yake. “Nilikuwa nimemkatikia mzee katikati ya salamu. Nikasema samahani baba, shikamoo tena. Nikaeleza kwamba ni mtambo, si mimi. Ikakata.”

Gari liliondoka hospitalini baada ya simu ya tatu. Mama, Martina, yu hai. Mtoto alizikwa kesho yake.

Niliposikia habari hii nilitaka kumlaumu Scola, na nakiri hivyo. Peniel alinikatiza. “Usimguse binti huyo. Alifanya alivyolelewa. Mashine ndiyo iliyoletwa huku, si sisi tuliopelekwa kwake.”

Mradi ulijibu kwa waraka: wauguzi waache salamu. Scola alijaribu wiki iliyofuata. Alitaja ugonjwa moja kwa moja. Mzee Anselm akauliza, “Nani anachezea redio?”

Ndipo Peniel alipoanza kubadili namba. Amekwisha kupata barua mbili za onyo kwa “kuchezea mfumo”. Ya tatu, iliyofika Jumanne, inasema kuanzia tarehe mosi neno la siri litabadilishwa na hatapewa. Mtoto amekufa, na anayeandikiwa barua ni aliyezuia wa pili asife. Sijui aibu hiyo ilipaswa kubebwa na nani huko ofisini, lakini haibebwi.

“Wachukue kompyuta yao,” anasema. “Ripita ni yetu.” Nadeem amempa kompyuta nyingine iliyotumika dukani, na kwa majuma matatu Peniel amekuwa akiiwekea programu ya watu wa redio ya ridhaa, isiyo na kikomo, akiisoma ukurasa kwa ukurasa kwa kamusi ya Kiingereza. Imebaki kuipatia laini ya simu. Kazi atapoteza, hilo analijua. Mkewe, Yustina, ameshalima ekari moja zaidi ya alizeti.

Saa moja kamili redio inakoroma. Ni Scola, anamwita Mzee Anselm hospitalini. “Shikamoo baba. Habari za tangu jana?” Kwenye kioo namba zinahesabu. Peniel ameshika ukingo wa meza. Kumi na tisa, mama hajambo? Ishirini na sita, huku mvua imekatika. Thelathini. Thelathini na moja. Mifugo je?

Sekunde ya arobaini na nne Scola anasema, “Baba, nina mtoto hapa ana degedege.”

Mzee Anselm anaita dereva. Peniel anaachia meza, na sasa ndipo anaulizia chai.

“Natamani siku moja,” anasema, “nimsikilize binti huyu akisalimia bila kutazama saa.”