Wivu wampeleka mwanika dagaa darasani

Saa mbili asubuhi, mwalo wa Ujiji, ufuko wanakoshushia samaki. Jua limeshaanza kuuma. Stephania Bonifasi ameinama tangu kulipokucha, anatandaza dagaa mchangani kwa kiganja, safu baada ya safu, kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni wa heshima.

Ametega sikio. Hatua hamsini kutoka hapo, kwenye baraza la nyumba ya udongo, watoto saba wanacheka kwa pamoja, na kimoja kati ya vicheko hivyo anakijua kuliko sauti yake mwenyewe.

"Unamsikia?" anasema bila kuinua kichwa. "Kwangu hachekagi vile."

Kicheko hicho ni cha Dainess, mwanawe wa pekee, mwenye umri wa miaka tisa. Surua ilimpofusha akiwa na miaka mitatu. Shule ya jirani ilisema haina mwalimu wa mtoto asiyeona, na shule inayomfaa iko mbali. Stephania hulipwa shilingi mia nane siku ya jua; siku ya mvua hapati kitu. Basi mtoto akabaki kwenye turubai kando ya mama yake, akifukuza kunguru kwa kupiga debe.

Waliishi hivyo miaka mitatu, kama kidole na kucha.

"Hata ndoto alikuwa ananisimulia," anasema Stephania. "Akiota ameanguka, ananiambia ameangukia wapi na nani kamwinua."

Ndipo akaja Mariana.

Mariana ni mwalimu kutoka Uvira. Vita vilipoingia mji wake mwaka 1996 alivuka ziwa, akafikia kwa shangazi yake, mmoja wa Wakongo ambao Ujiji ni kwao tangu enzi za babu zao. Alishuka na nguo aliyovaa, pamoja na vitabu vitano vya hadithi alivyovifunga ndani ya nailoni.

Hakuwa na darasa, hivyo akakusanya watoto wasio na shule kwenye baraza la shangazi. Kuna Dainess. Kuna Yassir, ambaye polio ilimwachia mguu mmoja mwembamba. Kuna Jean, mtoto wa wakimbizi aliyekaa miezi mitano bila kutoa neno. Wengine wanne wanafanya saba, Waislamu na Wakristo, wenyeji na wageni, kwenye mkeka mmoja.

Hesabu haziji kwanza. Mariana husoma hadithi, akifika katikati hufunga kitabu na kuuliza: "Huyu sasa anasikia nini moyoni?" Kila mtoto hujibu, na kumcheka mwenzako kwa jibu lake ni marufuku. Neno la kwanza la Jean lilitoka hapo, siku iliposomwa hadithi ya mbuzi aliyepotea sokoni. "Anaogopa," alisema.

Mwalo mzima ulimsifu mwalimu. Stephania hakusifu.

"Nilikuwa na kijicho. Andika, baba, usiogope," anamwambia mwandishi. "Dainess alianza kurudi nyumbani kimya. Namwuliza, mwanangu una nini? Ananijibu, nimeshamwambia Mwalimu. Nimeshamwambia Mwalimu! Nimembeba mimi, nimemuuguza mimi, halafu habari zake nizisikie kwa Melania!"

Melania ni mwanika dagaa mwenzake, na hana kizuizi mdomoni.

"Mama Dainess," alimtania siku moja, "mtoto ameshapata mama wa ng'ambo. Wewe umebaki wa kusonga ugali."

"Na wewe umebaki wa kunusa vyungu vya watu," Stephania alimjibu.

Walicheka wote wawili. Lakini siku hiyo Stephania aliunguza mboga, jambo ambalo halijawahi kumtokea.

Kila Jumamosi mtoto mmoja huenda na kitabu kwao, asomewe na yeyote nyumbani anayejua kusoma. Zamu ya Dainess ilipofika, alikuwa akimpisha Yassir. Mama yake alipogundua, alimwuliza sababu, bahati mbaya mbele ya Melania.

"Kwetu hakuna anayejua kusoma," mtoto alisema.

"Nani kakwambia?" Stephania aling'aka. "Kilete!"

Kikaletwa. Jumapili baada ya misa alikaa mlangoni, akakifungua juu ya magoti. Ukweli ni kwamba aliacha shule darasa la pili kijijini kwao Kidahwe, na herufi alizojua zilishafutika zamani. Maneno, hata hivyo, hayajawahi kumpungukia. Akaanza "kusoma". Palikuwa na fisi aliyevuka ziwa kwa mtumbwi. Fisi huyo alikuwa na sauti tamu kama asali. Kila asubuhi aliwaita vifaranga wa watu, akawapumbaza kwa hadithi, mpaka wakasahau mama zao na kunyonyoka manyoya.

Dainess alisikiliza ameinamisha kichwa.

"Mama."

"Sema."

"Huyo fisi ni wa Uvira?"

"Kitabu hakijasema."

"Na mbona hufunui ukurasa? Mwalimu akisoma, karatasi inasikika. Wewe hadithi ndefu yote hiyo, karatasi kimya."

Stephania akafunua ukurasa upesi, kisha mwingine. Alikuwa amechelewa.

"Umenidanganya kwa sababu sioni," mtoto alisema. Hakulia. Akauliza kama anavyouliza Mwalimu: "Sasa unasikia nini moyoni?"

"Nasikia njaa. Inuka ukanawe mikono."

Anacheka akisimulia, lakini kicheko hakimfiki machoni. "Watoto wa mtaani humpa jiwe wakamwambia ni andazi," anasema. "Mimi mama yake nikafanya lilelile."

Siku tatu Dainess hakumsemesha. Habari zikamfikia Mariana, kwa njia ya Melania bila shaka, naye akashuka mwaloni.

"Mama Dainess, kuja barazani, mi nitakufundisha."

"Asante. Nina dagaa."

"Saa tisa dagaa inaishaka kukauka."

"Saa tisa ninalala."

Hakulala. Ilipofika saa tisa alijifunga kanga akatembea hadi Rusimbi, ambako Mzee Anatoli, karani mstaafu wa reli, hufundisha watu wazima katika ukumbi wa kanisa. Akaacha baraza la hatua hamsini, akafuata darasa la mwendo wa karibu saa nzima.

"Bora miguu iniume," anasema, "kuliko yule aje aseme yeye ndiye aliyenifundisha."

Mzee Anatoli hana malalamiko. "Nimefundisha watu walioletwa na shida, na walioletwa na ndoto," anasema. "Huyu ameletwa na hasira, na ndiye anayewahi kuliko wote."

Imepita miezi mitano. Stephania anasoma kwa kidole, polepole, na maneno marefu humkwamisha kama mwiba wa samaki kooni. Jumapili iliyopita alimsomea Dainess kurasa mbili za mbuzi aliyepotea, mbuzi mwenyewe, si fisi wa kubuni. Kisha akafunga kitabu.

"Lile swali lako la siku ile," alimwambia. "Nilikuwa na wivu."

"Najua," Dainess akajibu. "Nilimwambia Mwalimu."

"Hata hilo!" Stephania anapiga mapaja kwa viganja vyenye magamba ya dagaa. "Hata hilo nalo alishamwambia!" Halafu anainamia tena dagaa. "Lakini jioni akanisimulia ndoto. Mimi kwanza. Mwalimu alikuwa hajaisikia."

Sasa jina la Mariana limo kwenye orodha ya wakimbizi wanaohamishwa kutoka mjini kwenda kambini. Lori linatazamiwa baada ya wiki mbili. Stephania anakiri kwamba aliomba siku hiyo ije, tena kwa kufunga. Imekuja, na wale watoto saba hawana wa kuwasomea.

Juzi Mariana alimletea kitabu cha mbuzi kiwe chake moja kwa moja. Alikataa kupewa.

"Zawadi sitaki," anasema, huku akigeuza safu ya mwisho ya dagaa. "Nimekiazima, Melania shahidi. Cha kuazima kina mwenyewe, lazima siku moja akifuate. Rusimbi itanisubiri; kila saa tisa nitakuwa pale barazani na wale saba. Na siku akirudi, anikute nasoma kumshinda."