Mlio Asiousikia Fundi wa Ekzosi

Nilinunua gari la spoti nikiwa na miaka arobaini na mitatu, na sikumwomba mtu yeyote ushauri. Lilikuwa la milango miwili, jekundu lililofifia kidogo kwenye boneti, na lilikuwa limeshapita mikononi mwa watu wawili kabla ya kunifikia. Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya upili karibu na Kitale. Walimu wenzangu wengi wana pikapu za kubebea mbolea na mahindi. Langu halingeweza kubeba gunia hata moja bila kulilaza kwenye kiti kama mgonjwa. Siku nilipolipeleka Saboti, kwenye shamba la wazazi wangu, mama alilizunguka mara mbili, akainama kuchungulia ndani, kisha akauliza, "Na watu wengine watakaa wapi?"

"Ni la watu wawili, Mama."

"Na wewe ni mmoja," akasema. Hakuwa ananisema vibaya. Alikuwa anahesabu tu.

Nilipenda injini tangu utotoni, na sababu ni trekta ya baba, ambayo alikuwa akiifungua na kuifunga tena kila msimu wa kulima. Kwa hiyo gari lilipokuwa langu sikutosheka kuliendesha. Nilitaka kuliongezea nguvu. Vijana wa gereji moja mjini Kitale waliniambia kazi hiyo ni rahisi: ng'oa ekzosi iliyokuja na gari, ng'oa na sailensa inayomeza kelele, weka bomba pana linalotoka moja kwa moja. "Madam, hii ikitoka hapa itapaa," mmoja aliniambia, akipiga tumbo la gari kwa kiganja. Nikaamini. Mwalimu wa fizikia mzima nikaamini, kwa sababu nilitaka iwe kweli.

Kelele zilipatikana, tena za kutosha. Jumapili ya kwanza niliingia uwanja wa kanisa wakati wa maombi, na mhubiri akanyamaza hadi nilipozima. Kule Saboti ng'ombe wa mama walishtuka wakati wa kukamuliwa, mmoja akaipiga ndoo teke. Lakini nguvu sikuziona. Kuna mlima mfupi kabla ya kufika kwetu, na kabla ya kubadilisha bomba nilikuwa nimeupima kwa saa ya kuhesabu sekunde, kutoka darajani hadi kwenye geti la shule ya msingi. Niliupima tena. Nilichelewa kwa sekunde nne. Nilirudi chini nikaupima mara ya tatu, nikidhani nimekosea, na jibu likawa lile lile.

Mwalimu mwenzangu mwenye asili ya Bungoma, aliyechoka kusikia malalamiko yangu katika chumba cha walimu, ndiye aliyenielekeza kwa fundi mmoja wa huko. "Yule mzee hana maneno mengi," alisema. "Lakini bomba analijua."

Nilikwenda Jumamosi. Fundi alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mikono iliyojaa alama ndogo za cheche. Karakana yake ilikuwa paa la mabati na sakafu ya saruji, na ukutani alikuwa ametundika mabomba ya ekzosi kwa ukubwa, membamba hadi mapana, kama vile duka la nguo linavyotundika suruali. Hakuuliza ninataka nini. Aliwasha gari, akaenda nyuma, akaweka kiganja chake mahali moshi unapotokea na kukiacha pale kwa muda.

"Mwalimu, hii bomba ni kubwa sana," alisema. "Hii injini yako haina turbo ya kusukuma hewa. Moshi inatoka kwa mapigo, moja baada ya ingine. Bomba ikiwa na kipimo sawa, ile imetangulia inavuta ile iko nyuma. Sasa hapa kwako moshi imefika mahali pana, imeanza kutembea tu, ati kama mtu ako sokoni."

Nilicheka, halafu nikaona aibu. Nilikuwa nimefundisha jambo hilo hilo, la mwendo wa gesi katika mrija mwembamba na mpana, kwa miaka kumi na minane.

Kazi ilichukua Jumamosi tatu. Alikata mabomba manne ya chuma kisichoshika kutu, yote ya urefu mmoja, moja kwa kila silinda, akayakunja na kuyaunganisha kuwa moja. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisahihisha mitihani na kumtazama. Alipima mara nyingi kuliko alivyokata. Sailensa aliirudisha, nyingine aliyoitengeneza mwenyewe, na alipoona nimenuna akasema, "Kelele si nguvu, mwalimu. Kelele ni nguvu imekutoroka."

Jambo moja nililiona siku hizo na sikulitilia maanani. Nilipomsemesha akiwa amenigeuzia mgongo, hakujibu. Nilidhani ndiyo tabia yake, kwa kuwa niliambiwa hana maneno mengi.

Jumamosi ya tatu ilibaki kurekebisha injini yenyewe, iendane na mabomba mapya. Alikuwa na kompyuta ndogo yenye kioo kilichopasuka kwenye kona. Aliiunganisha na gari kwa waya, akanionyesha jinsi anavyoweza kuifanya cheche iwake mapema kidogo ndani ya silinda. Cheche ikiwaka mapema kiasi, gari hupata nguvu. Ikiwaka mapema mno, mafuta hulipuka kabla ya wakati wake na injini huanza kugonga, na kugonga huko kukiendelea hutoboa pistoni. Fundi mzuri husogea hatua kwa hatua akisikiliza, na akisikia kugonga anarudi nyuma.

Tulishika barabara ya kwenda Myanga, yeye akiendesha, mimi nikiwa nimeshika kompyuta mapajani. Mara ya kwanza gari lilivuta vizuri hadi nikacheka peke yangu. Akasimama pembeni, akasogeza cheche, tukaenda tena. Vizuri zaidi. Akasogeza tena. Safari hii, alipokanyaga mafuta kwenye mwinuko, nilisikia kitu kama kokoto zinazotikiswa ndani ya mkebe.

"Fundi, hiyo ni nini?"

Hakujibu. Macho yake yalikuwa barabarani na mguu wake bado uko chini. Kokoto zikazidi. Nilimshika bega.

"Fundi! Inagonga!"

Aliinua mguu papo hapo. Gari likapungua mwendo na kusimama karibu na shamba la miwa. Alizima injini.

"Umesikia wapi?" aliuliza.

"Hapa mbele. Kama kokoto. Wewe hukusikia?"

Alinitazama mdomo wakati nikisema, na ndipo nilipogundua kwamba siku zote alikuwa akinitazama mdomo. Aliacha mikono juu ya usukani. Mwanamke aliyebeba kuni alitupita, akatusalimu, nami nikamjibu peke yangu.

"Ile ngurumo ya chini naisikia," alisema mwishowe. "Hata sasa ukiwasha nitasikia. Lakini ile ya juu, ile ndogo, sijui iliniacha lini. Gari ya mwisho nilirekebisha ilirudi imetoboka pistoni. Nilimwambia mwenyewe ati ni mafuta mbaya ameweka." Aliitazama boneti. "Haikuwa mafuta, mwalimu."

Nilimwambia arudishe cheche hatua mbili nyuma, na tukarudi Bungoma polepole.

Wiki hiyo yote nilimfikiria. Jumamosi iliyofuata nilibeba kutoka maabara ya shule kile kifaa tunachotumia kufundishia mawimbi ya sauti, kinachotoa mlio mmoja unaoweza kuupandisha kidogo kidogo kutoka mzito hadi mwembamba. Nilimngoja hadi wenzake wa karakana za jirani walipokwenda kula. Nilimwomba akae, anipe mgongo, na ainue mkono kila anaposikia. Alikubali kama mtu anayevua shati mbele ya daktari.

Mlio mzito, mkono juu. Nikapandisha, mkono juu. Nikapandisha tena. Mkono ukabaki gotini. Mimi nilikuwa nikiusikia waziwazi, unanichoma masikio, na ndege mmoja aliyekuwa juu ya bati aliruka akaenda zake. Yeye alikaa vile vile, mgongo umenyooka, akingoja.

"Umeanza?" aliuliza.

Nilikizima. Nikazunguka mbele yake ili anione mdomo, nikamweleza kwamba misumeno ya chuma na ekzosi zisizo na sailensa ndizo huharibu kwanza sikio la milio myembamba, na kwamba milio hiyo ndiyo hubeba nusu ya maneno tunayosema. Ndiyo sababu mtu anaweza kusikia kwamba anasemeshwa na asijue anaambiwa nini.

Akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Mwanamke sauti yake iko huko juu?"

"Mara nyingi, ndiyo."

Alisimama, akafunga karakana kabla ya saa nane, akaniomba nimpeleke nyumbani kwake Sirisia.

Mke wake alikuwa nyuma ya nyumba akianua maharagwe. Alinikaribisha vizuri, ila hakumsemesha mumewe, wala mumewe hakumsemesha yeye, na niliona kwamba ndivyo walivyozoea. Alituletea chai. Fundi hakuigusa. Alimwambia mkewe kwa Kibukusu, kisha, labda kwa ajili yangu, akarudia kwa Kiswahili: "Mimi sisikii. Si ati sitaki kusikia. Masikio yangu imeharibika. Mwalimu amenipima."

Yule mama alimtazama, kisha akanitazama mimi kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha maneno hayo.

"Ni kweli, mama," nilisema. "Hasikii sauti nyembamba kabisa."

Aliketi kwenye kigoda. "Miaka miwili," alisema. "Miaka miwili namwambia kitu, ananiangalia kama ukuta. Nikimwambia mtoto amepiga simu, kimya. Nikimwambia niko mgonjwa, kimya. Nikasema basi, huyu mtu amenichoka, na mimi nitanyamaza tuone." Alijifuta uso kwa kanga. "Kumbe!"

"Ulikuwa mgonjwa?" fundi aliuliza. Hilo alilisikia, au alilisoma midomoni.

"Mwaka jana. Ilipita."

Fundi aliinamisha kichwa. Nikatoka nje kutazama kahawa yao shambani, na nikaitazama kwa muda mrefu kuliko inavyostahili kahawa yoyote.

Baadaye walikwenda hospitali pamoja, mkewe ndiye aliyesisitiza. Daktari aliwaambia kilichopotea hakitarudi, akampa vifaa viwili vidogo vya kuvaa masikioni. Fundi hakuvipenda mwanzoni. Aliniambia vijiko vinapiga kelele, mvua juu ya bati ni kama vita, na kwamba alikuwa amesahau kabisa kuwa mlango wa choo unalia. Lakini nyumbani alivivaa. Kazini havikufaa, kwa sababu msumeno ukiwashwa vilimuumiza, na wala havikumpa ile milio ya injini aliyoihitaji.

Nilidhani ataacha kurekebisha injini, abaki kuchomelea mabomba tu. Yeye alitengeneza kifaa. Alichukua kipande cha bomba jembamba la shaba, akakiponda upande mmoja na kukifunga kwa bolti kwenye injini, kisha akaunganisha mrija mwembamba wa mpira uliopita dirishani hadi kwenye viziba masikio, vile vinavyovaliwa na wasaga mawe. Anayevivaa huisikia injini kama vile ameilalia. Kilichobaki ni sikio zima la kuvivaa.

Gari langu ndilo lililokuwa la kwanza kumaliziwa kwa njia hiyo, tena kwenye barabara ile ile ya Myanga. Kwa kuwa lina viti viwili tu, mimi nilibaki karakanani na chupa ya soda, nikalitazama likiondoka na fundi kwenye usukani. Kiti cha pili kilikuwa na mkewe, amevaa kitambaa chake cha kichwa na viziba masikio juu yake, kompyuta mapajani. Walikuwa wamekubaliana: akisikia kokoto, ampige mumewe begani.

Walikaa karibu saa nzima. Nilianza kuwa na wasiwasi. Waliporudi, yule mama alishuka kwanza, akavua viziba masikio na kuniambia kwa sauti ya mtu aliyefanya kazi, "Imegonga mara mbili. Ya kwanza hakuamini. Nikampiga tena."

"Alinipiga kweli," fundi alisema, akijisugua bega.

Nikienda nyumbani siku hiyo sikukimbia. Kwenye mlima wa Saboti tu ndipo nilipobonyeza saa yangu darajani na kukanyaga mafuta. Nilishinda muda wangu wa zamani, wa kabla ya bomba la Kitale, kwa sekunde tatu, na mtu aliyekuwa akichunga mbuzi kando ya barabara hakugeuza hata kichwa.

Bado nakwenda Bungoma mara kwa mara, wakati mwingine bila kuwa na shida na gari. Mwezi uliopita niliwakuta na gari la mtumishi mmoja wa serikali, jipya kuliko langu, lenye turbo. Mwenyewe alikuwa amesimama kando na tai yake, akimuuliza fundi kwa nini bado haliko tayari, si ameshalilipia. Fundi alimwelekeza kwa kidole kwa mkewe, aliyekuwa amekaa kwenye kiti changu cha plastiki, anamenya viazi.

"Muulize huyo," alisema. "Akisema bado, ni bado."

Yule mama hakuinua macho. "Kesho," alisema. "Leo upepo ni mwingi, sisikii vizuri." Kisha akaniuliza kama nitakula nao.